Plastiki ya Senti Moja

Mkuki ulikatika katikati ya zamu yangu.

Rafiki niliyekuwa nikicheza naye alinyoosha mkono kuchukua tepu ya kupimia, kiwiko kikampitia mpiganaji wangu wa mstari wa mbele, na huyo akaenda sakafuni kichwa chini. Mwili tuliupata. Ncha ya mkuki hatukuipata. Rafiki yangu akaugeuza ule mwili mwangani, akaurusharusha kiganjani, akasema: "Samahani sana, kaka. Lakini hebu niambie ukweli, hii plastiki ni ya senti ngapi?"

Niliguna tu, tukaendelea kucheza. Swali lenyewe halikuniacha.

Anayecheza michezo ya vita ya mezani anajua kwa nini linauma. Tunanunua sanduku la wapiganaji kumi kwa bei ambayo hatupendi kuitaja mbele ya watu wa nyumbani. Tukibanwa tunajitetea kwa maneno ya jumla: ufundi, ubora, kazi ya wachongaji. Ila ukishika kijitu kimoja kiganjani, chepesi kuliko sarafu, maneno ya jumla hayana uzito wowote.

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikilichokonoa swali hilo. Nilidhani jibu litakuwa namba. Likawa kitu kingine.

## Mizani

Nianze na kilicho rahisi.

Plastiki ngumu tunayoikata, kuigundisha na kuipaka rangi ni polistirini iliyoongezewa mpira kidogo ili isipasuke ovyo. Hakuna siri ndani yake. Ndiyo hiyohiyo inayotengeneza vikombe vya mtindi na hanga za nguo. Kiwanda kinainunua kwa magunia ya punje, na kilo moja huwa ni kama dola moja na nusu hadi mbili, ikipanda na kushuka na bei ya mafuta.

Askari wa miguu wa kimo cha milimita 28 ana gramu mbili, tatu, nne hivi. Kilo moja inatoa askari mia tatu.

Chukua pia ile fremu inayobaki ukishawakata watu wote, ule mfumo wa vijiti unaoishia kwenye pipa la taka. Wengi hatuihesabu. Ukiiweka kwenye mizani ndogo utashangaa: mara nyingi inakaribia uzito wa askari wenyewe. Maana yake karibu nusu ya plastiki tunayobeba kutoka dukani ni mifereji iliyopitisha plastiki nyingine.

Haya, ihesabu nayo. Bado ni senti moja kwa mtu mmoja. Mbili ukiwa mkarimu.

Kwa hiyo rafiki yangu alistahili jibu palepale mezani: senti moja. Wengi huishia hapo, na hasira yao huanzia hapo.

## Feleji

Kitu cha gharama hukioni kwenye sanduku. Kimebaki kiwandani.

Ni kalibu: mapande mawili ya chuma yanayokutana kama viganja, na katikati yake uwazi wenye umbo la fremu nzima, kila kifungo cha koti na kila ukucha. Mashine inayayusha punje za plastiki kwa joto la zaidi ya nyuzi 200 za Selsiasi, inabana yale mapande kwa nguvu ya makumi au mamia ya tani ili yasiachane, kisha inasukuma ule uji ndani kwa shinikizo kubwa. Maji yanapita kwenye matundu ya kalibu kuipoza. Kalibu inafunguka, pini zinaisukuma fremu nje, inafunga tena. Mzunguko mzima ni nusu dakika hivi.

Ukitaka kuuona mzunguko huo bila kufika kiwandani, mchukue askari yeyote ambaye hujampaka rangi na umwinamishe chini ya taa. Ule mstari mwembamba unaopanda kwenye mguu, ukapita begani na kushukia mkono wa pili, ule tunaoukwangua kwa kisu huku tukilaani, ndipo mapande mawili yalipokutana. Vile viduara vidogo nyuma ya ngao, laini na vilivyobonyea kidogo, ni alama za pini. Kwenye fremu iliyopangwa kwa akili viduara vyote vimewekwa mahali ambapo gundi au kivuli kitavificha. Kwenye fremu ya mpangaji mvivu, kimoja kiko katikati ya paji la uso.

Fremu yenye watu kumi kwa nusu dakika ni watu zaidi ya elfu moja kwa saa. Mtu mmoja anaweza kusimamia mashine kadhaa. Umeme upo, mshahara upo, lakini ukivigawa kwa watu elfu moja havifiki mbali.

Kalibu ndiyo yenye bei. Ya alumini, ya kutoa idadi ndogo, inaweza kupatikana kwa dola elfu kadhaa. Ya feleji, yaani chuma kigumu, yenye nakshi za kiwango tunachokidai siku hizi na uwezo wa kufungwa na kufunguliwa mara laki kadhaa bila kuchoka, ni makumi ya maelfu ya dola. Hiyo ni kwa fremu moja. Sanduku lenye fremu tatu tofauti lina kalibu tatu, au kalibu moja kubwa yenye bei ya kulingana.

Gharama hiyo ina sababu. Mchongaji anatengeneza umbo, zamani kwa mkono na kwa ukubwa wa mara tatu, kisha mashine ya pantografu ikalinakili kwa kulipunguza, leo kwenye kompyuta. Mhandisi anamkatakata yule shujaa vipande na kuvipanga kwenye fremu. Sehemu nyingine za kalibu huchongwa moja kwa moja na mashine ya kompyuta. Zile ndogo mno, mikunjo ya nguo na nywele, huchomwa kwa cheche za umeme: elektrodi ya shaba au grafiti yenye umbo la mkunjo inasogezwa polepole kwenye feleji, na cheche zinaila feleji chembe kwa chembe. Baada ya hapo ni kung'arisha, kujaribu, kugundua kwamba kidole cha tatu hakijai plastiki, na kurekebisha.

Tuseme kalibu imegharimu dola 20,000. Ukiuza masanduku 500, kila sanduku limebeba dola 40 za kalibu. Ukiuza 5,000, ni dola nne. Ukiuza 50,000, senti 40. Plastiki ni ileile, mashine ileile, askari yuleyule.

Mpiganaji wa kwanza anagharimu dola elfu ishirini. Wa pili anagharimu senti moja.

## Jirani wa metali

Hesabu hii inaeleweka vizuri zaidi ukiiweka kando ya ile ya metali.

Askari wa metali nyeupe humiminwa kwenye sahani ya mpira mzito inayozungushwa kwa kasi ili metali iliyoyeyuka ikimbilie pembeni na kujaza nafasi zote. Kalibu ya mpira ni ya dola makumi, au mia na kitu. Fundi mmoja anaweza kuitengeneza leo na kesho akawa anauza. Haidumu, maana mpira huungua na kuchanika baada ya mamia ya mizunguko, lakini kutengeneza nyingine si msiba.

Shida iko upande wa pili. Aloi nzuri ni bati kwa sehemu kubwa, na bati si plastiki. Mwanzoni mwa 2022 bei yake kwenye soko la metali la London ilipita dola 40,000 kwa tani. Askari wa metali ana gramu kumi na tano au ishirini, kwa hiyo kwa bei ya siku zile metali yake peke yake ilikuwa inasogelea senti 80. Kisha kuna mikono ya mtu: kumimina, kusubiri, kufungua, kuwatoa mmoja mmoja, kuwatupa wenye kasoro kwenye sufuria wayeyushwe upya.

Metali inaanza kwa bei ndogo na kubaki ghali. Plastiki inaanza kwa bei ya kutisha, kisha inakuwa kama bure. Mahali fulani mistari hiyo miwili inakatana, na nje ya chumba cha mhasibu hakuna anayejua ni sanduku la ngapi.

Nilipofika hapa nilikuwa nimeridhika. Nilikuwa na jibu zuri la kumpa rafiki yangu: hulipii plastiki, unalipia feleji.

Kisha nikasoma taarifa ya fedha.

## Asilimia sabini

Games Workshop, kampuni ya Nottingham, Uingereza, yenye mchezo wa Warhammer, ndiyo inayotawala uwanja huu. Inabuni, inachonga na kutengeneza vijisanamu vyake hapohapo Nottingham, na kwa kuwa imeorodheshwa kwenye soko la hisa la London, hesabu zake zinasomwa na yeyote. Katika mwaka wa fedha ulioishia Juni 1, 2025, iliingiza pauni milioni 617.5 na kupata faida ya pauni milioni 262.8 kabla ya kodi. Desemba 2024 ilikuwa imeingia kwenye FTSE 100, kundi la kampuni mia moja kubwa zaidi za soko hilo, pamoja na benki na kampuni za mafuta.

Namba iliyonisimamisha ni ndogo zaidi. Faida ghafi ya biashara yake ya vijisanamu imekuwa ikizunguka asilimia 70. Yaani katika kila pauni inayoingia, kutengeneza bidhaa na kuifikisha kunakula kama peni thelathini.

Feleji imo ndani ya hizo thelathini.

Sasa lile jibu langu zuri likaanza kuyumba. Kama kampuni inauza maelfu kwa maelfu ya kila sanduku, kalibu imeshajilipa zamani. Vipo vijisanamu ambavyo kalibu zake zina umri wa miaka kumi na zaidi na bei yake inapanda tu. Kwenye hivyo feleji haiwezi kuwa utetezi.

Usikimbilie neno wizi. Ile sabini inalipa maduka zaidi ya 500 ya kampuni yenyewe, wabunifu na wanasheria. Kampuni ndogo isiyo na maduka haina hata hiyo anasa: duka na msambazaji wakishachukua chao, mtengenezaji hubaki na kama asilimia 40 ya bei iliyobandikwa, na humo ndimo anatafuta kalibu, sanduku, karatasi ya maelekezo na mchele wa kesho. Hata hivyo, tukubaliane: mtu anayeuza jemadari mmoja wa plastiki kwa bei ambayo mwenzake wa mji huohuo, kampuni ya ndugu pacha Michael na Alan Perry, anauzia sanduku la askari wa Napoleon wanaokaribia arobaini, hawezi kuniambia kwamba tofauti ni gharama ya kiwandani. Mashine ni za aina moja. Punje ni za aina moja.

Bei haifuati gharama. Inafuata hamu ya mnunuzi, na hamu yetu wanaijua kuliko sisi wenyewe.

Nilikaa na wazo hilo siku nyingi na halikunipa raha. Kama gharama haipangi bei, basi inapanga nini? Haiwezekani kitu kizito kama feleji kiwe hakina kazi kwenye hadithi hii.

## Askari mmoja, majeshi mia

Kilichonifungua macho ni sanduku la mwaka 1987.

Mwaka huo, mchezo wa Warhammer 40,000 ulipozaliwa, Games Workshop ilitoa sanduku la Space Marine, askari wa anga za juu, thelathini wa plastiki. Wenye umri wetu wanalikumbuka, na wasio na umri huo wamelisikia kwa wazee. Kila mtu amevaa silaha za mwili mzima, kofia imefunika uso. Ukimpaka bluu ni wa kikosi cha Ultramarine. Nyekundu, ni Blood Angel. Kijani, ni Dark Angel. Ukibuni kikosi chako mwenyewe cha rangi ya zambarau na mistari ya njano, nacho ni halali.

Soma tena kwa jicho la mwenye kalibu. Kalibu moja, na wateja wa majeshi yote wananunua kutoka kwayo. Tofauti kati ya jeshi na jeshi imehamishiwa kwenye rangi, na rangi anaipaka mnunuzi.

Sisemi kwamba walioandika hadithi za wale mashujaa walikaa na mhasibu. Ila naona wazi kwa nini, kati ya viumbe wote wa ulimwengu ule, ndiye huyu aliyepata kalibu mpya kila kizazi, huku majeshi mengine yakingoja muongo na zaidi kubadilishiwa vijisanamu vya zamani. Wanaolalamika kwamba Space Marine wanapendelewa wana haki. Anayewapendelea ni feleji.

Akina Perry nao walipoingia kwenye plastiki, sanduku lao la kwanza, mwaka 2007, lilikuwa askari wa miguu wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani. Si bahati nasibu. Mavazi ya pande zile mbili yalifanana kiasi kwamba askari huyohuyo anaweza kupakwa bluu akawa wa Muungano, yaani Kaskazini, au kijivu na kahawia akawa wa Kusini. Kila mteja wa vita ile, awe upande gani, ananunua sanduku lilelile. Na kwa kuwa mchezo unahitaji pande mbili, ananunua mawili.

Baada ya hapo nikaanza kuyaona kila mahali. Vichwa vinatenganishwa na miili ili mwili mmoja uhudumie vikosi vitatu vyenye kofia tofauti. Koti linalochaguliwa ni lile lililovaliwa kwa miaka mingi ya vita, si lile zuri la msimu mmoja. Fremu moja inarudiwa mara nne ndani ya sanduku, ndiyo maana unapata wapiga tarumbeta wanne na hujui uwafanye nini. Mzinga unatoka kwa plastiki lakini wahudumu wake wanatoka kwa metali, kwa sababu nani atanunua wahudumu elfu hamsini?

Gharama haipangi bei ya mpiganaji. Inapanga kama azaliwe au asizaliwe.

## Mkono unaojificha

Kuna mahali gharama inaingia hadi kwenye mwili wenyewe, na hapa naomba uvumilivu maana ndipo ninapopenda.

Mapande ya kalibu hufunguka kwa mstari ulionyooka. Kwa hiyo kila kitu kwenye fremu lazima kiweze kuchomoka kwa kwenda mbele au nyuma tu. Hata kuta zilizosimama wima hupewa mwinamo mdogo, nyuzi moja au mbili, ili plastiki ising'ang'anie. Sasa mfikirie mpiga mishale aliyebeba podo mgongoni. Kati ya podo na mgongo kuna uwazi, na feleji haiwezi kuingia kwenye uwazi huo kisha ikatoka. Mchongaji wa zamani alikuwa na suluhisho moja: aliujaza. Tafuta askari wa plastiki wa miaka ya nyuma, mtazame kiunoni pale ala ya upanga inapokutana na paja. Utaona kipande cha plastiki kisicho na maana yoyote, si nguo wala ngozi, kimekaa pale kwa sababu feleji haikuwa na njia.

Zipo kalibu zenye sehemu zinazojongea kwa pembeni kabla ya kufunguka. Zinatatua tatizo, na zinapandisha bei ya kalibu papo hapo.

Njia ya tatu ndiyo iliyoshinda: kata mwili vipande. Podo liwe kipande chake, mkono kipande chake, joho likatwe katikati ya mkunjo ambapo gundi haitaonekana. Kompyuta imelifanya hili kuwa sanaa. Vijisanamu vya siku hizi vimekatwa kwa namna ambayo huwezi kukisia. Unashika kipande kisichofanana na chochote, nusu ya goti, kitambaa, na robo ya mkia wa mnyama, kisha unakibandika na ghafla kuna shujaa anaruka.

Ni ufundi wa hali ya juu, nausifu bila kinyongo. Pia ni kazi ya kiwandani iliyohamishiwa mezani kwangu. Gundi nanunua mimi, kisu changu, macho yangu, usiku wangu. Ukitaka kujua kazi hiyo ina thamani gani, angalia vijisanamu vilivyouzwa vikiwa vimeshaunganishwa na kupakwa rangi. Wizards of the Coast walikuwa na mfululizo wa namna hiyo kwa ajili ya mchezo wa Dungeons & Dragons kuanzia 2003 hadi 2011. Kwenye bidhaa ya aina hiyo kila mguso wa brashi ni mshahara wa mtu, kwa hiyo miguso huhesabiwa, na jicho la zimwi hubaki doa moja jeupe.

Na kijisanamu kilichounganishwa hubeba hewa. Fremu ni bapa. Zinapangwa moja juu ya nyingine na sanduku linajaa. Zimwi lililosimama na mabawa wazi linasafiri baharini na nafasi yote iliyo kati ya mabawa yake. Mwaka 2021, nauli ya kontena la futi 40 ilipopita dola 10,000, waliokuwa wakileta mazimwi yaliyosimama kutoka China walilipia hewa hiyo kwa uchungu. Aprili 2025 ushuru wa Marekani kwa bidhaa za China ulipanda hadi asilimia 145 kabla ya kushushwa mwezi uliofuata, na wachapishaji waliokuwa na makontena njiani walijikuta wakikokotoa upya kila kitu. Aliyekuwa na mashine zake mwenyewe Nottingham alikuwa bado na ushuru wake wa kulipa, lakini si ule.

## Wasiozaliwa

Turudi kwa nani anazaliwa.

Wazulu wa 1879 wapo kwa plastiki. Wapiganaji wa Mahdi wa Sudani wapo kwa plastiki. Niliwahi kuona hilo kama ishara kwamba wapenzi wa michezo hii wameanza kuitazama Afrika. Kwa hesabu ya kalibu, maelezo ni mafupi zaidi: zote ni vita ambazo Uingereza ilipigana, na mnunuzi wa Uingereza alikuwa tayari ana askari wake wa koti jekundu kabatini, anasubiri adui.

Jeshi la Menelik II, mfalme wa Ethiopia, lililoivunja Italia pale Adwa mwaka 1896 ni kubwa, lina rangi, lina bunduki za kisasa, ngao, wapanda farasi na mizinga. Kwa mchezo ni hazina. Anayelitaka mezani hulitafuta kwa metali au kwa printa ya 3D. Sanduku la plastiki linahitaji watu maelfu kadhaa wanaoitaka Adwa kwa wakati mmoja, na wanaoijua Adwa hawajawa wateja, na walio wateja hawaijui.

Ubaya wa hesabu hii ni kwamba inajizungusha. Kijana anaingia kwenye mchezo kwa sanduku lililopo dukani. Anajifunza vita ya sanduku hilo. Anakuwa mteja wa vita hiyo. Kalibu inayofuata inatengenezwa kwa ajili yake.

Hapa hasira yangu imehama. Bei ya jemadari wa plastiki hainisumbui tena sana, asiyeitaka asiinunue. Linalonisumbua ni kwamba dola elfu ishirini za feleji zimekuwa mhariri wa historia, na mhariri huyo hasomi chochote isipokuwa mauzo ya mwaka jana.

## Njia za pembeni

Zipo tatu, na hakuna iliyo kamili.

Ya kwanza ni kuwafanya wanunuzi walipie kalibu kabla haijachongwa. Mwaka 2012 kampuni ya Reaper ilikusanya zaidi ya dola milioni 3.4 kupitia Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, kwa ajili ya vijisanamu vyao vya plastiki laini. Awamu ya pili ya mchezo wa Kingdom Death: Monster, iliyofungwa Januari 2017, ilipita dola milioni 12. Hatari ya feleji imetoka mfukoni mwa mtengenezaji ikaingia mfukoni mwa shabiki. Inafanya kazi kwa majina makubwa. Jina dogo halikusanyi hata pande moja la kalibu.

Ya pili ni printa ya resini, plastiki ya maji inayogandishwa tabaka kwa tabaka. Yenyewe imeigeuza hesabu yote kichwa chini: hakuna kalibu, kwa hiyo wa kwanza na wa elfu wanagharimu sawa. Resini ni dola ishirini au thelathini kwa kilo, mtu mmoja pamoja na vishikizo vyake ni kama gramu kumi, na kwa kuwa printa inahesabu urefu na si idadi, sahani iliyojaa watu inachukua saa zilezile za mtu mmoja. Kwa nakala mia mbili, feleji haiwezi kushindana. Kwa laki mbili, printa haina la kusema. Ndiyo maana faili za majeshi yaliyosahaulika zinaongezeka kila kukicha, na ndiyo maana Nottingham bado wanajenga viwanda. Ila printa inataka uoshe kwa spiriti, uvae glovu, uvumilie harufu, uishi na mashine. Si kila mtu anayetaka jeshi anataka pia kiwanda chumbani.

Ya tatu ndiyo ninayoifuatilia kwa karibu. Siocast, teknolojia kutoka Hispania, inadunga plastiki laini kwenye kalibu inayotengenezwa kwa gharama ndogo sana kuliko feleji, na kampuni ya Warlord Games ni miongoni mwa waliokwisha kuitumia. Inakaa katikati kabisa: kwa yule anayeweza kuuza mamia au elfu chache, ambaye kwa metali anafilisiwa na bati na kwa polistirini anafilisiwa na kalibu. Adwa ingeweza kukaa hapo.

Kasoro zake unaziona mkononi. Inapinda kidogo, gundi ya kawaida ya plastiki haiishiki, unahitaji gundi kali, na mstari wa kalibu haukwanguki vizuri. Kisu kinaacha manyoya. Ncha ya mkuki hutoka butu kidogo. Kwa askari mia wa mstari wa nyuma nauchukua ubutu huo leo hii na sidai punguzo. Kwa jemadari wangu, yule anayekaa mbele na kutazamwa na kila mtu, bado nataka feleji.